Anselmi Mkude, Fundi wa Meno ya Gia

Baba Paroko, ndugu, majirani na waombolezaji wote, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Yeremia, mdogo wake marehemu, nasoma kwa niaba ya familia.

Kaka yetu Anselmi Mkude alizaliwa tarehe 4 Machi 1943 huko Mgeta, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nane, na mwaka 1964 akaajiriwa katika karakana ya serikali hapa Morogoro, ambako alijifunza kujazia chuma meno ya gia yaliyolika, kuyachonga upya na kuyakaza kwenye tanuru ili yawe magumu yasikatike, kwani vipuri vipya vilikuwa adimu. Tarehe 12 Julai 1969 alifunga ndoa na Regina, wakajaliwa watoto wawili, Editha na Laurenti.

Karakana ilipofungwa mwaka 1993 alifungua banda lake Msamvu, lakini vipuri kutoka nje vilikuwa vimejaa madukani na wateja wakapungua, kwa hiyo Gervas, kaka yake Regina, alipomletea gia ya lori lake, marehemu alifurahi mno, akaikaza kwa moto wa mkaa kwa kuwa tanuru hakuwa nalo tena, akamwambia, "Nenda shemeji, hii inazidi mpya," ingawa moyoni alikuwa na wasiwasi.

Tarehe 9 Mei 1995, Gervas akiteremka kutoka Mgeta na shehena ya kabichi, meno yale yalikatika, gia ikaacha kulizuia lori mteremkoni, breki zikazidiwa, lori likapinduka, naye akapoteza mguu wa kulia. Marehemu alimweleza ukweli wa wasiwasi wake pale pale kitandani hospitalini, kisha akafunga banda, akaacha kupanda Mgeta, na hata siku moja aliyopanda, tulipomzika mama, alisimama nyuma ya watu, kichwa chini.

Mwaka 1998 Gervas alimfuata kwa magongo, akamwekea gia nyingine mezani, akasema, "Shemeji, fungua banda." Kaka akajibu, "Kanunue mpya, nakuomba," akalia mbele ya watoto wake. Hakuigusa gia hiyo, wala nyingine yoyote. Ni yeye aliyeagiza haya yasomwe, akimwambia Editha, "Msinipambe."

Aliugua kisukari tangu mwaka 2001, akafariki alfajiri ya tarehe 17 Agosti 2003. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Msamvu, mafundi wenzake wa karakana, na shemeji Gervas, aliyeshinda naye wodini wiki nzima, akamfumba macho.

Kaka Anselmi, inua kichwa sasa, upumzike kwa amani.