Kiapo cha Minza

Treni ya kutoka Goweko ilipokaribia Tabora, mwaka ule wa 1968, Limbu, karani wa posta, alikuwa bado anajifanya amelala. Mbele yake mkulima mmoja, Minza, alikuwa amempa Mzee Kanji, mwenye duka wa Gongoni, barua ya Kiingereza amsomee. Benki ya Kongo ambako mumewe, mchimba shaba, aliweka akiba yake ilikuwa imefilisika.

"Wenye akiba ndogo watalipwa kwanza," alisema Kanji. "Lakini mwenyewe atie sahihi. Kama amefariki, mjane alete kiapo kwamba amekufa."

"Mwaka wa saba huu sijamwona, mzee."

"Basi nenda ukaape, mama. Fedha zangu pia zimo humo. Tukichelewa, zitaliwa na mawakili."

Limbu aliona shauri hilo ni jema, hasa kwa kuwa mwenye kuapa hakuwa yeye.

Minza aliikunja barua taratibu. "Mama yake bado anamwekea chakula kila jioni. Nikishaapa, nikamwambie nini?"

Treni ikasimama. Watu wakainuka kushusha mizigo, Minza akabaki ameketi, barua mapajani.