Ernestina Aliyepanda Juu ya Kichwa cha Baba Mkwe

Ndugu waombolezaji, wana Nangwa wenzetu, na ninyi mliotoka Daudi kwa basi tangu alfajiri, wakubwa shikamooni, wadogo poleni, familia imemtuma kijana wetu Felician awasomee maisha ya Ernestina Joakimu, Mama Urban, kama yalivyoandikwa na wifi yake Ludovika, dada wa mume wake, na Felician anaombwa asome yote, asiruke mahali hata akiona haya.

Ernestina alizaliwa tarehe 12 Machi 1938 huko Daudi, Mbulu, binti wa tatu wa mzee Joakimu, fundi wa kuezeka nyumba kwa nyasi, ambaye hakupata mtoto wa kiume, kwa hiyo binti huyu ndiye aliyempandia juu, akajua paa linafungwa wapi, na pia, jambo ambalo wengi hatulijui, ukikata kamba zipi linashuka lote kwa mara moja. Alisoma shule ya misheni hapo hapo Daudi toka mwaka 1948 hadi 1951, akamaliza darasa la nne, hesabu nzuri, mwandiko kama kuku amepita kwenye majivu. Baada ya hapo alifanya kazi na baba yake miaka minane, watu wakinong'ona kwamba msichana wa kupanda mapaa hataolewa, ila walinong'onea ndani ya nyumba alizoziezeka yeye, tena hazivuji.

Aliolewa Jumamosi tarehe 23 Julai 1960 na Patriki Tluway wa hapa Nangwa, ambaye alimwona mara ya kwanza akiwa juu ya paa, na mwenyewe anasema shingo ilimuuma siku tatu. Walijaliwa watoto watatu, Urban aliyezaliwa tarehe 11 Desemba 1961, siku mbili baada ya Uhuru, mama yake akisema hakutaka kugombania siku na nchi, kisha Perpetua mwaka 1964, na Hilary mwaka 1968. Baba mkwe wake, Mzee Tluway, alikuwa mzee wa kanisa na adui mkubwa wa gongo, kila Jumapili akiisema mpaka walevi wakainama, na Ernestina alimheshimu kuliko wote, kila asubuhi alipita kumpa shikamoo, na ile marahaba ya mzee ndiyo ilikuwa chumvi ya siku yake.

Mwaka 1974 tulihamia kijiji cha ujamaa. Zamani kila mtu alikaa kwake na shamba likimzunguka, moto ukishika nyumba unakula hiyo moja unashiba, lakini sasa tulipangwa kama wanafunzi mstarini, nyasi kwa nyasi, na upepo wa kiangazi unatushukia kutoka mlimani, hata Jumatano tarehe 20 Agosti 1975 moto mmoja ukachukua nyumba kumi na moja kabla debe la kwanza la maji halijafika. Mwenyekiti wa kijiji, ndugu Nicodemo, akaitisha mkutano akitafuta watu wa kujitolea kuzima moto, wakasimama wanaume tisa, akasimama na Ernestina, wakamwambia vizuri, wewe utabeba ndoo.

Akaletwa Bwana Hatibu, mtumishi wa wilaya, mwenyeji wa Kigoma, awafundishe wiki mbili, akasema maji peke yake hayatoshi, nyumba iliyo mbele ya moto lazima iezuliwe upesi ili moto ukose chakula. Wanaume wale walipanda kwenye kibanda cha mazoezi wakaanza kung'oa nyasi kidogo kidogo kama wanamnyoa mtoto, Bwana Hatibu akashika kiuno, ndipo Ernestina akaweka ndoo chini akaomba mundu. Mmoja wao akapiga kelele, "Mwanamke akipanda juu, sisi tulio chini tuangalie wapi?" Naye akajibu, "Angalieni moto." Alikata kamba nne, paa likateremka chini kama mzee anayekaa, na siku hiyo hiyo akafanywa kiongozi wa kuezua. Kesho yake alikuja amevaa suruali ya Patriki, habari ikafika Katesh kabla ya jua kuzama, na aliyeifikisha anajijua, ndiye aliyeandika karatasi hii.

Jumanne tarehe 14 Septemba 1976, saa tisa alasiri, jirani mmoja aliacha karanga jikoni akaenda kusuluhisha ugomvi usiomhusu, moto ukala nyumba yake, ukala ya pili, na ya tatu kwenye mstari ilikuwa ya Mzee Tluway, nyuma yake zikiwa nyumba thelathini na mbili pamoja na ghala la mahindi ya kijiji. Mzee akakataa kutoka. Alikaa ndani kwenye kigoda chake akasema kwa sauti, "Mkwe hapandi juu ya kichwa changu nikiwa hai, akipanda si mkwe wangu tena." Patriki alishika kichwa, cheche zinaruka, wanaume tisa wanatazamana, na Ernestina, ambaye kwa mila zetu hata kivuli cha baba mkwe hakikanyagi, alipiga magoti mlangoni na mundu wake akasema, "Shikamoo baba, naomba ruhusa nipande." Mzee akageuzia kigoda ukutani. "Baba, moto hauna adabu, mimi ninayo, ndiyo maana naomba." Akapanda.

Moto ulipofika ulikuta kuta tupu, kikosi kikaumalizia kwa magunia yaliyolowa maji, hakufa mtu wala kuku, na mzee alikutwa kwenye kigoda chake katikati ya jua kali, nyasi kichwani, hajaungua popote. Lakini asubuhi iliyofuata Ernestina alipopita na shikamoo yake, mzee aligeuza uso akamtazama ng'ombe. Ikawa hivyo zaidi ya mwaka mzima, yeye anaamkia, mzee anamtazama ng'ombe, naye Ernestina akamwambia mumewe kwamba ameokoa kijiji akapoteza baba.

Nyumba ile waliiezeka wanaume, ikavuja masika yote. Jumamosi tarehe 8 Oktoba 1977, Ernestina, bila kuitwa, alikuja na mizigo ya nyasi, akaweka ngazi, akapiga magoti mlangoni akaamkia kama kawaida, akapanda, mzee akiwa ndani. Alipofika kileleni alisikia chini yake, "Marahaba, mwanangu, na ukiwa huko huko juu, kaza pale mlangoni, panavuja sana." Alilia juu ya paa, kazi haikusimama.

Wengi tulijiuliza mzee alilainishwa na nini. Mwezi uliopita, kitandani hospitali ya Haydom, Ernestina alimwambia wifi yake kwa kicheko mpaka nesi akaja, kwamba siku ile ya moto, kabla ya kukata kamba, alikuta chupa mbili za gongo zimechomekwa kileleni mwa paa, akazifunga kiunoni kwa kanga, akazifukia kwenye samadi. Mzee alikaa mwaka mzima akisubiri kusikia habari hiyo kwa watu, hakuisikia, kwa kuwa yule aliyekuwa nayo alikuwa Ernestina, angekuwa nayo Ludovika ingefika Katesh. Mzee alitutangulia mwaka 1981, Mungu ampe raha, hawezi tena kutukaripia.

Marehemu aliongoza kikosi hadi mwaka jana, akafundisha vijiji vinne, mabinti sita wakipanda mapaa leo bila kuulizwa watu watazame wapi. Alianza kuumwa tumbo mwezi Januari, akapelekwa Haydom, akafariki Alhamisi tarehe 17 Mei 1984, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na sita. Familia inawashukuru madaktari na manesi wa Haydom waliomvumilia akiuliza kila siku paa lao limefungwa na nini, majirani wote, hata yule wa karanga, ambazo jana alizileta msibani zimekaangwa vizuri, Bwana Hatibu aliyesafiri siku mbili, na kikosi kilichombeba leo.

Wifi, shikamoo zako zote zimepokelewa. Shuka sasa, uweke mundu chini, upepo umetulia na nyumba hazivuji. Pumzika kwa amani.