Wanapokula Wenyeji

Basi lilikuwa linapanda kilima taratibu. Nunzia, ambaye mgahawa wake haukuwa umepata mtalii hata mmoja tangu Jumatatu, alikaa nyuma na fungu la shamari, majani ya kiungo, mapajani, akisikiliza.

"Mzee, niambie ukweli, wenyeji wanakula wapi?" kijana kutoka Milano alimwuliza mzee Rosolino.

"Kwa mama zao."

"Na asiye na mama?"

"Huyo anakula kwa Nunzia, huku akilalamika."

Kijana alitoa daftari. "Analalamika nini?"

"Tambi za dagaa. Mama yangu alikuwa anatia zabibu kavu. Yule hatii."

Nunzia alisimama, na basi liko kwenye kona. "We Rosolino! Mama yako ana miaka thelathini kaburini, Mungu amrehemu, na kila siku sahani yangu unaifuta kwa mkate mpaka inang'aa!"

"Hiyo ni adabu tu," Rosolino alimwambia kijana. "Isikudanganye."

Kijana alimtazama huyu, akamtazama yule, asijue aandike nini. Basi lilisimama uwanjani, saa saba mchana kasoro dakika chache. Rosolino alishuka wa kwanza, akashika njia ya kwa Nunzia, akamwacha nyuma hata mwenye mgahawa.