Aliyechonga Magongo

Kwenye kivuko cha Kamanga, Sihaba aliacha kumenya chungwa ili asikie vizuri. Mzee mmoja alikuwa akimsomea dada aliyekaa kando yake historia ya timu yake ya zamani ya mpira wa magongo ya Kisesa, kaiandika mwenyewe kwenye daftari.

"Mzee wangu, mbona baba simsikii humo? Seremala Nkwabi," yule dada akamkatiza.

"Mwanangu, Nkwabi hakucheza hata mechi moja. Alituchongea magongo tu."

"Kwani mngechezea mikono?"

Sihaba akacheka, mzee hakucheka. "Nikimweka yeye, hata aliyetufulia jezi atadai."

"Alizifua nani?"

Mzee akatazama maji. "Mke wangu, marehemu."

Kivuko kikagusa gati, abiria wakasimama. Mzee alibaki amekaa, akipapasa mifuko kutafuta kalamu.