Shokapu za Lori na Kiuno cha Mama Mkwe

Kijiwe chetu ni ubao mrefu uliowekwa juu ya matofali, ubavuni mwa duka la kinyozi, mahali ambapo kivuli hukaa mpaka jua lianze kuinama. Mimi huuza kahawa hapo, mtoto mgongoni, birika kwenye jiko la mkaa. Sisemi sana, kwa sababu wenye maneno wapo wa kutosha. Yupo Wembe, ambaye ndiye kinyozi, na anaweza kumwacha mteja nusu kichwa ili atoke nje kujibu hoja. Yupo Fundi Waya, mtengeneza redio, ambaye kwake kila ugonjwa wa dunia hii ni shoti. Yupo Mzee Doria, mlinzi wa usiku, ambaye mchana hulala akiwa ameketi na huamka tu pale anaposikia mahali pa kuchomeka methali. Siku hiyo alikuwepo pia Kishindo, dereva wa pikipiki ya matairi matatu ya kubeba abiria, ila yeye tulimwona miguu tu. Alikuwa amekiinua chombo chake nyuma kwa mawe, akalala chini yake kufunga shokapu nyingine, yaani zile springi za nyuma zinazotakiwa kupokea shimo kabla halijafika kwa abiria.

Sababu ya haraka yake tuliijua sote. Mkewe alikuwa katika siku zake za mwisho za ujauzito, mtoto wa kwanza. Mama mkwe alikuwa anakuja na basi la jioni kuamua jambo moja: binti yake ajifungulie hapa, au amchukue akajifungulie kwao. Na alishatuma ujumbe kwamba uamuzi huo ataufanya akiwa ameketi ndani ya chombo hicho, kutoka stendi mpaka nyumbani, kwa sababu ndicho kitakachompeleka binti yake hospitali siku ya uchungu. Safari yake ya mwisho humo alishukia mlangoni kwa Kishindo ameshika kiuno, akamwambia, “Baba, nilikupa binti. Kiuno sikukupa.”

— Kaka, hizo shokapu umezitoa wapi? — Wembe aliuliza. — Zimenona kama mapaja ya mcheza mieleka!

— Za lori dogo, — sauti ikatoka chini ya chombo. — Lori lenyewe lilikuwa linabeba mawe. Kama ziliyaweza mawe, zitamshindwa mama mkwe?

Wembe akasimama, akabonyeza nyuma ya chombo kwa mikono miwili. Hakikubonyea hata kiasi cha ukucha. Akaongeza na tumbo. Hakikubonyea.

— Imara! — akasema kwa furaha. — Hapo umemaliza, kaka. Mama mkwe atasinzia njiani.

— Asinzie wapi? — Fundi Waya akadakia. — Wembe, wewe shughulika na vichwa. Springi ni nini? Springi ni waya. Na waya una kumbukumbu. Hizo zimezoea mzigo wa lori. Akipanda mama mkwe zitamwona kama inzi. Zitaambiana, “Jamani, bado hatujapakiwa,” zitakaa vilevile zimekauka.

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo zidanganywe. Gunia la mchanga huku, gunia la mchanga kule, mpaka zidhani ziko kazini.

— Na mama mkwe akae wapi?

— Juu ya mchanga.

— Mama mkwe wa mtu akae juu ya mchanga kama kuku anayeoga vumbi?

— Basi tupande sisi badala ya mchanga! Mimi, wewe, mzee, na dada wa kahawa na birika lake. Shokapu zikituona zitaogopa, zitalainika.

Mzee Doria akafumbua jicho moja.

— Wahenga walisema, aliye juu mngoje chini.

Tukasubiri.

— Maana yake nini, mzee? — Kishindo aliuliza kutoka alikolala.

— Maana yake, akirushwa msihangaike. Atashuka mwenyewe.

Akalifumba lile jicho. Fundi Waya akanyoosha kikombe, nikamwongezea.

— Mimi nasema dawa iko kwenye methali nyingine, — Wembe akasema. — Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mnaona wazee walivyokuwa mafundi? Abiria ni mzigo, sivyo? Walishasema wazi utumie nini. Usufi! Kishindo, jaza usufi kwenye kiti, mengine mwachie Mungu.

— Usufi unalala, — Fundi Waya akapinga. — Shimo la kwanza unalala, shimo la pili mama yuko kwenye ubao. Sikilizeni mambo ya kitaalamu. Kiti king'olewe chote. Mama mkwe aning'inizwe kwa kamba nne kutoka kwenye paa, kama bembea. Chombo kiruke kivyake, mama abaki kivyake.

— Na kwenye kona?

— Kwenye kona atatoka nje kidogo, kisha atarudi.

— Akikutana na gari?

— Atalisalimia, atarudi.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja mwenye kikapu. Alikuwa mfupi, mwembamba, viatu vyake vimejaa vumbi la njia ndefu. Akatusalimia, tukaitikia, akaketi mwishoni mwa ubao na kuniomba kahawa. Wasemaji hawakumtazama mara mbili, maana mkutano ulikuwa umepamba moto.

— Tatizo lenu hamfikiri, — Mzee Doria alisema, sasa macho yote mawili yako wazi, jambo ambalo si la kawaida mchana. — Kishindo, mbele kwako kuna shida?

— Hapana, mzee. Mbele safi kabisa.

— Kinachoruka ni nyuma?

— Nyuma.

— Basi nenda kinyumenyume. Nyuma itakuwa mbele. Mbele hakuna shida. Kesi imekwisha.

Wembe alitaka kucheka, lakini nilimwona anaifikiria.

— Mzee, — akasema polepole, — na hiyo ya mbele ikiwa nyuma, si itaanza kuruka?

— Itaruka na Kishindo. Yeye si mama mkwe wa mtu.

— Au aende kasi, — Fundi Waya akasema, kwa kuwa hakupenda kushindwa na mlinzi. — Tairi linaumia kwa sababu linapata nafasi ya kuingia shimoni. Likipita haraka sana, shimo lenyewe halijui kama kuna kitu kimepita.

— Samahanini, wanangu, — yule mama akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini. — Huyo mama mnayemtafutia dawa, ni mnene sana?

— Mama, acha tu! — Wembe akajibu. — Ni wa kupakiwa kwa winchi.

— Mmemwona?

— Kumwona hatujamwona. Lakini mtu mwembamba hawezi kulalamika kiasi kile, pumzi ya kulalamikia ataitoa wapi?

— Halafu ana maneno, — Fundi Waya akaongeza. — Betri yake haiishi chaji. Kishindo mwenyewe akipigiwa simu naye huweka simu mezani, anakoga, anarudi, mama bado yuko hewani.

— Jamani, msimseme vibaya mama mkwe wangu, — miguu ya Kishindo ikatikisika kwa ukali. — Ni mtu mwema. Ana roho nzuri. Ila kiuno chake kinapenda makuu.

Yule mama akaweka kikombe chini taratibu, bila kukigonga.

— Hebu nieleweshe, baba uliye huko chini. Mtu akikaa hapo nyuma, anaumia wapi hasa?

Likawa swali jepesi kiasi kwamba wote walilirukia.

— Kiuno, — Kishindo alisema.

— Shingo, — Wembe alisema. — Shingo ndiyo inayobeba kichwa.

— Yote ni mishipa, — Fundi Waya alisema. — Inaanzia kisigino, inapanda mpaka sikioni.

— Mnanijibu majibu matatu, — yule mama akasema. — Nani kati yenu amewahi kukaa hapo?

Wembe ndiye aliyejibu kwanza.

— Mimi... mimi Kishindo akinipa lifti hukaa mbele, ubavuni kwake. Tunapiga stori.

— Na mimi hukaa upande ule mwingine, — Fundi Waya akasema.

— Mimi nina baiskeli, — Mzee Doria akasema, akajifanya kusinzia.

— Na wewe, baba?

— Mimi dereva, mama! Dereva anakaaje nyuma? Usukani ashike nani? Tangu nimepewa chombo hiki sijawahi kukaa nyum...

Hakumaliza. Miguu yote miwili ilikuwa imetulia. Kisha vidole vikajikunja polepole ndani ya ndala, kama mtoto aliyeitwa kwa jina lake lote.

— Shikamoo, mama, — miguu ikasema.

— Marahaba, baba. Kaza nati yako. Nimekuja na basi la asubuhi ili nipate kutembea kwa miguu.

Wembe akakumbuka kwamba ndani alikuwa na mteja, akaanza kuinuka, akaambiwa aketi, akaketi. Fundi Waya aliangalia kikombe chake kama redio iliyomshinda. Mimi nilimtazama mtoto wangu, ingawa alikuwa amelala na hakuwa na shida yoyote.

Kishindo alitoka uvunguni akiwa na grisi mpaka kwenye nyusi. Hakujua aweke wapi mikono.

— Mama, yale maneno ya kiuno...

— Umemaliza kufunga?

— Nimemaliza.

— Toa mawe. Panda nyuma. Huyu bwana wa betri aendeshe.

Fundi Waya alitaka kusema hana leseni, lakini mama alimtazama tu, naye fundi akaenda kushika usukani. Wakaondoka kuelekea kwenye bomba la maji, njia ileile ambayo Kishindo hupita kila siku akiimba. Hapo tulipokaa tuliona yote. Kwenye shimo la kwanza turubai la paa likatoa kinundu cha kichwa upande wa kushoto. Kwenye la pili kinundu kikahamia kulia. Kwenye matuta ya shuleni vikatoka kimoja baada ya kingine, na sauti ya Kishindo ikatufikia ikiwa imekatika vipandevipande:

— Po... le... po... leee!

— Hiyo ndiyo polepole! — Fundi Waya alijibu huko mbele, ambako mambo yalikuwa safi kabisa.

Waliporudi, Kishindo hakushuka mara moja. Alibaki ameikumbatia nguzo ya paa, macho yake yako mbali. Mama mkwe akaenda akasimama mbele yake.

— Haya, baba. Mtu anaumia wapi?

— Mama, — Kishindo akasema kwa shida, — niulize wapi haumii, tutamaliza mapema.

— Na hapo huna mimba.

Wembe, ambaye alikuwa ameshaanza kutabasamu, aliacha. Kishindo akainamisha kichwa. Akashuka, mguu mmoja, kisha akapumzika, kisha mguu wa pili. Akaziangalia zile shokapu nene, zinang'aa kwa grisi aliyozipaka kwa mapenzi asubuhi nzima.

— Kaka, labda tukiongeza magunia... — Fundi Waya alianza.

— Nyamaza, Waya. Hizi zinatoka leo hii. Nitatafuta za chombo hiki hiki, laini, na kila nitakayoifunga nitaikalia mwenyewe huku nyuma kabla ya kumpandisha mtu.

Halafu akamgeukia mama mkwe. Grisi yote ile haikuweza kuficha hofu iliyokuwa usoni.

— Mama, kwa hiyo unamchukua?

— Nilikuja kumchukua. Mfuko wake wa nguo ningeubeba hata kwa kichwa.

— Ndiyo, mama.

— Dereva asiyejua nyuma kwake kukoje, mimi simwachii binti yangu. Wewe unajua?

— Sasa najua, mama. Wallahi najua.

Mimi nilishika birika na sikumimina, kwa sababu nilitaka kusikia.

— Basi abaki, — mama mkwe akasema. — Nami nabaki naye mpaka atoke uzazini.

Kishindo alifurahi hata akasahau mwili wake. Akainama haraka kuchukua kikapu cha mama mkwe, na hapohapo akabaki ameinama. Alijaribu kunyooka mara mbili. Wembe na Fundi Waya wakamkimbilia, mmoja akashauri avutwe mabega, mwingine akashauri asukumwe tumbo, Mzee Doria akatamka methali ambayo hakuna aliyeisikiliza. Mama mkwe akawasogeza wote kwa mkono, akakichukua kikapu chake mwenyewe, akachomoa mwavuli humo na kumpa mkwe wake aushike kama mkongojo.

— Twende, baba, mdogomdogo, — akasema, wakaanza kutembea kuelekea nyumbani, yeye mbele na Kishindo nyuma amepinda. — Nilijua nakuja kumkanda mmoja. Kumbe maji ya moto itabidi niyachemshe ya watu wawili.