Bomba Lililozinduliwa Kabla Halijajengwa

Ndugu waombolezaji, nani kati yenu hakuwahi kusemewa na marehemu pale kwenye dirisha la halmashauri?

Baba yetu mkubwa, tuliyemwita Msemaji, alizaliwa tarehe 4 Machi 1957 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa kifungua mimba wa fundi cherehani, akakulia kwenye Kivumbi, lugha yetu sisi tusio na zulia sakafuni, hadi alipoanza shule mwaka 1964 na kufundishwa Kizulia, lugha ileile iliyofungwa tai, ambayo ndani yake hata chafya huombewa radhi kabla haijatoka.

Mwaka 1976 aliajiriwa na halmashauri, kazi yake kupokea Kivumbi cha wananchi dirishani na kukipeleka kwa Mkurugenzi kikiwa Kizulia, maana kila Mkurugenzi, hadi huyu wa sasa, mzaliwa wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, alipata uziwi wa Kivumbi siku alipopata kiti cha kuzunguka.

Alifunga ndoa tarehe 12 Juni 1982 na muuza mkaa, aliyevumilia posa ya Kizulia nusu saa nzima kabla ya kumkatiza, “We kaka, unanioa au unanishtaki?”, wakajaliwa mabinti wawili, ambao mkubwa wao ana digrii ya lugha zote mbili na ajira ya kukaa nyumbani.

Mwaka 2009 mtaa ulimtuma kuomba bomba la maji, naye akaomba kwa adabu ya Kizulia, ambapo mwombaji hushukuru kana kwamba amekwisha kupewa, akashukuru vizuri mno hata Mkurugenzi akaamini bomba limekwisha kujengwa, akaja na mkasi na matarumbeta, akatukuta na ndoo tupu, akakata utepe hivyohivyo, akapigwa picha, akaondoka.

Marehemu aliapa kutokisema tena Kizulia, akafukuzwa kazi, na kila Jumatatu akawa anasimama nje ya ofisi akipaza sauti, “Bosi, maji hakuna!”, naye bosi akimwambia karani afunge dirisha, upepo umezidi.

Figo zilianza kumsumbua Januari mwaka jana, akalazwa hospitali ya wilaya, akafariki tarehe 9 mwezi huu, baada ya kumuuliza mkewe, “Yametoka?”, na mama mkubwa akashindwa kumdanganya.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomsikiliza kwa Kivumbi bila kukunja uso, majirani mliobeba maji ya msiba huu vichwani kutoka ng'ambo ya reli, na wafanyakazi wenzake mliokuja ingawa mlikatazwa. Lala salama, Baba Mkubwa, koo lako limechoka kihalali.

Nawe Mkurugenzi, hapo kiti cha mbele, usitoe pole wala shukrani, simama utujibu kwa lugha aliyokubembelezea mama yako: maji lini?