Ubao wa Bi Hajra

Kijiwe chetu kiko ubavuni mwa karakana ya Muadh, kijana wa hapa Bagamoyo anayekata mbao kwa mashine ya leza. Asubuhi ile alikuja kunywa kahawa akatueleza kwamba Bi Hajra, mjane wa Fundi Rehani, anataka ubao wa kutundikia nguo ukutani, uliotobolewa jina, na taa nyuma yake ili herufi ziwake. Kinachomtatiza ni mti gani autumie.

Pakachangamka. Abdullatif, tunayemwita Injinia kwa kuwa aliwahi kuuza jenereta, akasema plaiwudi inakatika vizuri. Muadh akamwambia kulabu zitachomoka. Mzee Mwinyimvua, ambaye ni Spika wetu maana hapa huongei bila ruhusa yake, akasimamia mkongo wa Lugoba.

— Mkongo una mafuta, Spika. Herufi zitaungua, — Muadh akapinga.

— Basi mninga.

— Mninga ukiuwekea taa, mwanga unakuwa mwekundu, — Injinia akadakia. — Mtu akilala chumba hicho anaota moto.

— Anaota kwa sababu ulikatwa mwezi mpevu, — Spika akasema. Mti wa mwezi mpevu haulali.

Tulikuwa bado tunacheka pale bajaji iliposimama. Bi Hajra akashuka, dereva akamshushia kitu kirefu kilichofungwa kanga. Tukamwamkia. Akasema tusihangaike na miti, amekuja na mvule wake mwenyewe, akaifungua kanga.

Spika aliupapasa ule ubao mpaka mkono ukafika penye kishikio, akautoa haraka.

— Shemeji, hili ni jeneza la msikiti.

— Lilikuwa. Limeletwa jipya la chuma, hili limevunjika miguu. Kamati imenipa ubavu huu.

Hakuna aliyekunywa tena. Spika alimbeba mama yake kwenye jeneza lile, na mimi baba yangu. Injinia alisogea hadi mwisho wa benchi, akanong'ona kwamba nyumba ikitundika nguo kwenye ubao wa maiti, haitaacha kufiwa. Muadh naye akamwomba Bi Hajra amsamehe, kazi hiyo haiwezi. Hata mimi niliona Bi Hajra kachanganyikiwa kwa upweke.

Hakubishana. Alitukumbusha tu kwamba jeneza lile alilitengeneza Rehani ujanani, mvule akauchagua mwenyewe, na hakutaka ujira. Kisha akaitwa kisiwani Mafia kuezeka nyumba, chombo kikazama njiani, na mwili wake haukupatikana. Hilo tulilijua sote. Tulikuwa tumeacha kulizungumza.

— Wenu wote mliwabeba humu, — akasema. — Rehani wangu mlimbeba kwenye nini?

 

Muadh ndiye aliyesimama kwanza. Alimuuliza jina liandikwe vipi. Bi Hajra akasema Rehani, basi, na kulabu moja ya kutundika kofia yake aliyoiacha nyumbani.

Karakana ilikuwa hatua chache tu, na ubao ule mtu mmoja angeukokota. Lakini Injinia alishika upande mmoja, Spika na mimi tukashika mwingine, tukaupandisha mabegani. Mchuuzi wa samaki aliyekuwa anapita akashuka kwenye baiskeli, akauliza kwa sauti ya chini nani amefariki.

— Rehani, — Spika akamjibu.

Yule mchuuzi akaiegemeza baiskeli yake ukutani, akaja kutupokea.